Mzee Chuma Anaendelea Vizuri

Siku hiyo balaa lilianza kabla kahawa haijamiminwa. Taarifa, karani mstaafu anayenunua gazeti moja na kulisomea kijiwe kizima, matangazo ya viwanja yakiwemo, aliangukia habari ya bwana mmoja wa miaka sabini aliyewekewa nyonga ya bandia, na miezi sita baadaye akakimbia kilomita kumi.

"Kumi," akarudia, akimtazama Mzee Chuma juu ya miwani. "Na wewe una miezi minane tangu uwekewe yako."

Mzee Chuma alikuwa amekaa pembeni ya benchi, tako moja ndani, jingine nje, akisingizia kwamba ndivyo anavyopenda kukaa. Ni fundi cherehani, na zamani walimwita Fundi tu. Jina hilo la Chuma alijitakia mwenyewe. Wiki moja kabla ya upasuaji aliwatangazia hapo hapo kijiweni kwamba akitoka hospitali watamkuta juu ya paa anapigilia bati, na wenye nyonga za mfupa wajiandae kuona aibu. Mtu aliyekwisha kuropoka hivyo atasema saa ngapi kwamba anaumia? Akapokea kahawa yake, akanywa.

"Huyo wa gazetini hana kazi," akasema. "Mimi nikikimbia, nguo za watu atashona nani?"

"Nguo zipi?" akadakia Spoku, fundi baiskeli wa jirani. "Suruali yangu unayo tangu mwezi uliopita. Kila nikipita, cherehani imefunikwa shuka."

"Nilikuwa naifikiria."

"Suruali haifikiriwi, mzee. Inashonwa."

Mjadala ukapamba moto. Spoku alishikilia kwamba nyonga ni beringi tu, ikibana ujue imekosa grisi, na kama madaktari wangemwachia dakika kumi na spana namba kumi na nne, asingemrudisha mteja mara mbili. Taarifa akapinga. Yeye alikuwa amesoma mahali, hakumbuki wapi, kwamba chuma hunywa baridi, kwa hiyo dawa ni kuvaa soksi mbili mbili. Spoku akataka kujua tangu lini soksi zikavaliwa nyongani.

"Soksi si tatizo," akasema Mzee Chuma ili kuwanyamazisha. "Soksi navalishwa."

Neno lilipotoka akatamani kulirudisha mdomoni. Mama Birika, anayewauzia kahawa, na ambaye na mke wa mzee ni kama ndugu wa tumbo moja, akashusha birika.

"Unavalishwa na nani, shemeji?"

"Na dada yako."

"Miezi minane tangu upasuliwe, bado unavalishwa soksi?"

Mama Birika akamwambia mzee asimame, naye akasimama, maana mwanamke huyo habishiwi. Spoku akachuchumaa nyuma yake, akafumba jicho moja kama anavyofanya akikagua gurudumu.

"Huyu amekula upande," akasema. "Bega la kushoto limeshuka." Kisha akaangalia chini, akakuna kichwa. "Lakini pindo za suruali ziko sawasawa."

"Basi mguu uko sawa," akahukumu Taarifa.

"Ziko sawa kwa sababu nimezishona mimi," akasema Mzee Chuma, na hapo kila kitu kikamwagika. Mguu wa kulia ulitoka hospitali na nusu inchi ya ziada. Alijipima kwa futi yake mara tatu. Badala ya kumwambia mtu, alishusha pindo la kulia nusu inchi, suruali zote tano, hata ya kulalia.

"Ya kulalia?" akashangaa Spoku. "Anayekuona ni nani?"

"Siwezi kulala na kazi mbovu."

Walicheka mpaka Taarifa akavua miwani, na mzee akacheka nao, kwa sababu kweli alikuwa kichekesho. Fundi aliyeshindwa kurekebisha mwili akarekebisha nguo. Kisha kicheko kikamwishia ghafla, akasema kwamba inauma. Akikanyaga cherehani anamaliza kola moja tu, mikono ya shati haifikii.

"Nilisema bati," akaongeza. "Sasa nawaambiaje watu? Na naogopa. Madaktari wakijua, wataniambia nifunguliwe tena."

"Daktari anasemaje?" akauliza Mama Birika.

"Anaandika naendelea vizuri."

"Kayatoa wapi hayo?"

"Kwangu. Kila kliniki ananiuliza, mzee wangu, unaendeleaje? Namjibu, vizuri, dokta, namshukuru Mungu. Anaandika."

"Lakini huendelei vizuri."

"Sasa kijana wa watu kakupokea kwa adabu, umjibu vipi? Uanze kumwaga maumivu hata hujakaa?"

Hapo hakuna aliyekuwa na la kumcheka. Taarifa akakiri kwamba mwaka ule alioanguka kwenye foleni ya benki, nesi alimuuliza hali yake, naye kutoka pale sakafuni akajibu salama, akamuuliza na ya kwake.

Na kliniki ya mwisho ilikuwa leo, saa nne. Akiandikwa mzima, faili linafungwa, na maumivu anabaki nayo nyumbani. Mama Birika akaamuru wafanye mazoezi. Spoku akawa daktari.

"Mzee wangu, unaendeleaje?"

"Vizuri, dokta. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila yule mdogo kanisumbua na—"

"Spoku, wewe ni daktari," akakumbusha Taarifa.

Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu mzee alifika "vizuri, ila", akapaliwa. Ile "ila" ikahesabiwa kuwa ni maendeleo. Hata hivyo hawakumwamini kiasi cha kumwachia aende peke yake. Mama Birika akazima jiko, Taarifa akakunja gazeti, Spoku akaacha baiskeli zake, wakamsindikiza.

Chumba cha daktari kilikuwa chembamba, meza, kitanda cha kupimia na kiti kimoja. Kutoka mlangoni hadi kitini ni hatua sita, na mzee alikuwa amezifanyia mazoezi sebuleni kwake miezi yote hiyo, asichechemee mbele ya daktari. Kwa mazoea tu akazitembea vizuri kabisa, na akajichukia. Daktari akainua kichwa, akashangaa kuona wagonjwa wanne.

"Karibuni, wazee wangu. Mnaendeleaje?"

"Vizuri, dokta, tunamshukuru Mungu," wakajibu wote kwa pamoja, Mama Birika akiwatangulia.

Daktari akatabasamu, akafungua faili na kushika kalamu. Nyonga ikamchoma mzee hapo hapo alipokaa. Akanyoosha mkono, akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Dokta, hiyo tumeitikia salamu," akasema. "Ugonjwa bado hujauliza."