Mholanzi Wangu na Ufunguo wa Kisima

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mzee Gaspar ameondoka. Amehamia Karema kwa mwanawe mwenye mitumbwi ya dagaa, na kiti cha mwenyekiti wa kamati ya kisima kiko wazi. Uchaguzi Jumamosi. Nagombea.

Miaka tisa niko kwenye kamati hii. Kazi yangu kwa miaka yote tisa: kubeba benchi. Nalitoa kwangu, nalipeleka kisimani, wenzangu wanalikalia, nalirudisha. Kisima ni kimoja cha pampu kwa upande wetu wote wa Kawajense, mpini wake una mnyororo na kufuli, na ufunguo hukaa shingoni mwa mwenyekiti. Nautaka ufunguo ule. Naandika hapa kwa sababu kwenye daftari hili hakuna wa kunicheka ila mimi mwenyewe.

Mwanga nimeupata kazini Shanwe. Mimi ni fundi redio. Kuna redio moja nilimaliza kuitengeneza wiki mbili zilizopita, bado naifanyia majaribio. Leo imetoa kipindi kuhusu kiongozi wa waliberali wa Uholanzi. Miaka zaidi ya kumi waziri mkuu. Anakwenda kumwona mfalme kwa baiskeli. Anatembea anakula tofaa. Siku moja alimwaga kahawa akachukua dekio akafuta mwenyewe, wafagizi wakapiga makofi. Jina lake nimeliandika kwa namna tatu na zote zimenishinda kutamka. Basi ni Mholanzi wangu.

Siasa yake: mtu aachwe huru ajiamulie, serikali isimkalie kifuani. Mtangazaji akasema neno moja: huria. Nikalipigia mstari.

Jioni nimemweleza mke wangu, Lidia. Akauliza huria kama kuku? Nikamwambia huria kama watu. Akasema sawa, ila kuku huria wa hapa nyumbani wote waliliwa na kicheche.


Jumanne, 3 Septemba

Nimeanza na baiskeli. Ninayo ya Kiholanzi kweli, niliinunua Karema, ilikuwa ya padre mmoja marehemu. Ndefu, nyeusi, usukani kama pembe za ng'ombe. Haina breki za mkono. Ukirudisha pedeli nyuma, inasimama.

Nimepita mtaa mzima nikisalimia kwa mkono mmoja, embe mkononi mwingine, tofaa halikupatikana. Kwenye kona nikarudisha pedeli nyuma kidogo, kupumzisha goti tu. Ikasimama. Mimi nikaendelea, hadi katikati ya mchicha wa Athanasie.

Athanasie ndiye mpinzani wangu. Mkulima wa bustani, kazaliwa makazi ya wakimbizi ya Katumba kwa wazazi wa Kirundi, cheti chake cha uraia kiko kwenye fremu ukutani juu ya televisheni. Hajawahi kuchelewa mahali popote. Amenishika mkono akanitoa kwenye tuta, akaniuliza, "Baba Celestin, kampeni ndiyo imeanza?" Nikasema ndiyo. Akasema basi nimwachie miche mingine iione Jumamosi.

Sikukata tamaa. Kwenye kibanda cha chai nimemwaga kikombe makusudi mbele ya watu saba, nikapiga magoti, nikafuta kwa leso. Makofi hakuna. Mmoja akasema niache, inzi watamalizia. Mwingine akauliza mikono imeanza kutetemeka lini.

Kufikia saa tisa Kawajense nzima imeambiwa naumwa. Wamekuja watu wanne kunipa pole. Mmoja kaleta ndizi. Ndizi nimekula. Nawahesabu wote wanne kama kura.


Jumatano, 4 Septemba

Leo muungano. Mholanzi wangu hakuwahi kutawala peke yake hata siku moja. Alikuwa anakusanya vyama vitatu, vinne, visivyopendana, anavikalisha meza moja. Mara ya mwisho mazungumzo yalichukua karibu siku mia tatu. Mimi ninazo tatu.

Nimeanza na Mzee Mwandu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu wakitembea. Nikamwamkia kwa Kisukuma "mwangaluka" kwa lafudhi yangu mbaya, akacheka, akanipa maziwa mgando. Nikamwambia sera yangu ni huria. Akaweka kibuyu chini. Akauliza, huria kabisa? Nikasema kabisa. Akaita mkewe Minza aje alisikie neno hilo. Nikalirudia. Minza naye akauliza mpaka mchana? Nikasema mpaka mchana, mtu ni mtu saa zote. Wakatazamana. Wameniahidi kura za ukoo mzima.

Kisha wafyatua tofali, wale wa bondeni. Nao nikawaambia huria. Wakashangilia, wakaanza kupima kitu fulani ardhini kwa kamba. Sikuuliza. Kisha kwaya ya kigango, wanaotaka kufulia sare zao pale pale pampuni. Huria! Wameniimbia ubeti mmoja.

Kila mmoja amelishika neno lile kivyake, hilo nililiona. Lakini muungano hauanzi kwa kusahihishana.

Athanasie yeye ana ubao. Foleni, majina, saa za kufungua, saa za kufunga, ng'ombe wanywe kwenye birika lao jioni, tofali Alhamisi. Ubao mzima hauna neno moja la kumfurahisha mtu. Nimemhurumia.


Ijumaa, 6 Septemba

Mkutano wa wagombea. Benchi nimelibeba mwenyewe, halafu wamelikalia wengine. Aliyeongoza ni Respicius, mwenyekiti wetu wa mtaa, mtu mpole anayetaka kila kitu kiishe kabla ya saa kumi na mbili.

Athanasie akasimama akaniuliza maono yangu kwa kisima ni yapi. Nilikuwa nalisubiri swali hilo. Redioni walisema Mholanzi wangu aliwahi kuyafananisha maono na tembo anayekuzibia usione mbele. Nikakohoa. Nikasema: ndugu zangu, maono ni tembo, na mimi tembo simtaki kisimani.

Bibi mmoja nyuma, ambaye tembo walimlia mahindi yote mwezi wa nne, akasimama polepole akauliza tembo wameonekana wapi. Nikasema ni mfano. Akasema hata mwaka jana waliambiwa ni mfano. Mwingine akauliza ni wangapi. Mwingine akasema jana alisikia matawi yanavunjika. Wafyatua tofali wakataka kujua nani atawalinda bondeni. Respicius akapiga meza, haikusaidia. Mpaka saa kumi na mbili ulikuwa mkutano wa tembo. Imeundwa kamati ndogo. Barua inaandikwa kwa wahifadhi, mabomu ya pilipili yanaombwa.

Nimewekwa kwenye kamati ndogo kama shahidi.

Hata hivyo, hakuna aliyerudi kuniuliza maono. Mholanzi wangu anajua kazi.


Jumamosi, 6 Septemba... hapana, 7. Furaha imenichanganya.

Nimeshinda! Kura arobaini na moja kwa thelathini na nane. Respicius amehesabu mara tatu, mara ya tatu kwa sababu hakuamini, naye hakuficha.

Nikavaa tai. Nikapokea ufunguo na kamba yake. Mbele ya watu wote nikafungua kufuli, nikatoa mnyororo, nikautupa majanini, nikatangaza kwamba kuanzia leo kisima ni huria. Makofi mengi, hasa kutoka kwa Mwandu. Athanasie akanipa mkono vizuri tu. Akauliza, kwa upole, ufunguo sasa ni wa nini kama kufuli halipo.

Nikauvaa. Nikaufungia mafundo mawili chini ya tai, usipotee.

Nimewaambia nyumbani leo benchi abebe mtu mwingine. Hakupatikana. Nimelibeba.


Jumapili, 8 Septemba

Tumetoka misani saa nne. Nimesikia harufu ya vumbi kabla sijaliona.

Ng'ombe mia moja na ishirini. Si wa Mwandu peke yake, na wa shemeji zake, na wa jamaa zao waliopigiwa simu mpaka Sitalike kwamba Kawajense kuna mwenyekiti mpya, mambo ni huria. Wamekizunguka kisima chote. Vijana wawili wenye nguvu wamepokezana pampu tangu alfajiri. Kwa upande wa chini, wafyatua tofali wamechimba mfereji mnyoofu kutoka pampuni mpaka bondeni. Ile kamba ya Jumatano, ndiyo hiyo. Kwaya imeanika sare kwenye uzio wa bustani ya Athanasie, inayopakana na kisima. Uzio umelala. Juu ya uzio sare, juu ya sare ng'ombe, chini ya wote miche ya nyanya.

Nimemfuata Mwandu. Nikasema mzee wangu, huria maana yake ni mtu kujiamulia. Akasema ndiyo, nimejiamulia. Nikasema lakini kuna wenzako. Akaniangalia kwa huruma ya kweli: "Mwenyekiti, kwetu ng'ombe huria ni yule asiyeulizwa anakwenda wapi. Nilikuuliza mara moja. Mke wangu akakuuliza ya pili."

Saa sita pampu ikakohoa, ikatoa hewa, ikatoa tope. Kisha mpini ukavunjika. Septemba hii, jua hili, na mvua ya kwanza labda Novemba.

Athanasie hakupiga kelele. Amekusanya miche iliyopona kwenye beseni, kumi na moja, akainyunyizia maji ya kunywa kutoka chupa ya mjukuu wake. Afadhali angepiga kelele.

Nyumbani, Lidia amepanga ndoo tano tupu mbele ya kiti changu, kwa mstari, kubwa mpaka ndogo. Nimekula ugali nikiwa nimezitazama.


Jumatatu, 9 Septemba

Wengine wangekata tamaa. Mimi nimewasha redio.

Mholanzi wangu serikali yake ilianguka, wenzake wa muungano hawakuelewana. Akajiuzulu. Na baada ya kujiuzulu akabaki palepale ofisini karibu mwaka mzima, akilinda kiti, mpaka wengine wakubaliane. Nimesikiliza mara mbili kuhakikisha, kipindi kimerudiwa mchana. Kumbe kujiuzulu ni namna ya kukaa!

Nimeandika barua aya tatu. Aya ya kwanza najiuzulu. Ya pili nawashukuru. Ya tatu nabaki na ufunguo kama mwenyekiti wa mpito.

Jioni nimeisoma mbele ya kisima, nimesimama juu ya benchi. Mwisho wa aya ya kwanza wakapiga makofi. Wakapiga muda mrefu. Aya ya pili haikusikika. Ya tatu nimeisoma kwa sauti kubwa sana, wakanyamaza, Respicius akauliza mpito huo ni wa muda gani. Nikasema kwa Uholanzi hata siku mia tatu. Akasema hapa ni mpaka kamba ipite kichwani.

Kamba haikupita. Mafundo mawili ya Jumamosi yamejikaza ndani ya tai, ambayo sijaivua tangu siku ile. Nikavuta, Respicius akavuta, Mwandu akaja kuvuta kwa uzoefu wake. Nikawaambia nyie, hii ni shingo. Lidia akatoka nyumbani na kisu cha mboga. Umati ukafunguka njia. Akakata kamba, na nusu ya tai, akampa Athanasie ufunguo, akaniambia, "Haya, Baba Celestin, umekwisha kuwa huria."

Wamecheka mpaka wafyatua tofali. Mimi nimeshuka benchi taratibu, kama kiongozi. Sijutii aya ya tatu. Ilikuwa imeandikwa vizuri.


Jumatano, 11 Septemba

Pampu imetengenezwa. Athanasie alimjua fundi, na fundi alikuja saa aliyosema, jambo ambalo kwetu mafundi ni aibu kidogo. Mfereji umefukiwa na waliouchimba. Mwandu amejenga birika jipya la ng'ombe, mbali na pampu, na ng'ombe wanakunywa jioni kwa zamu. Anasema ni vizuri, ng'ombe wanapenda kujua saa yao.

Ubao uko juu. Jina langu lipo, zamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chini kabisa limeandikwa mara ya pili: BENCHI, ZABLON. Nimelalamika kwamba nilikuwa mwenyekiti. Athanasie akasema siku mbili, ndiyo, na kwamba katika kamati nzima mimi ndiye peke yangu ambaye kwa miaka tisa sijawahi kukosa kuleta benchi. Akasema bila mzaha. Sikujua niangalie wapi.

Nimempelekea mbegu za nyanya, pakiti mbili. Hii si siasa.


Jumamosi, 14 Septemba

Redio bado naifanyia majaribio. Leo nimepata kipande nilichokuwa sikijui. Mholanzi wangu, baada ya kuacha kiti nyumbani kwake, amechaguliwa kwenda nje kuongoza umoja mkubwa wa majeshi wa nchi nyingi, zaidi ya thelathini. Aliachia kidogo, anapokea kikubwa!

Nimezima redio. Mambo yote yamenyooka. Kosa halikuwa sera. Kosa lilikuwa kisima. Kisima kimoja, mpini mmoja, watu wangu walikuwa hawana nafasi ya kuwa huria.

Nimempigia Mzee Gaspar. Nikauliza hali ya dagaa, kisha kwa mbali nikauliza umoja wa wavuvi wa hapo mwaloni, mitumbwi inapotua, una mwenyekiti. Akasema hauna tangu Julai, wanagombana: wa dagaa, wa migebuka, na wa maboti ya abiria. Makundi matatu yasiyopendana. Moyo umenidunda.

Lidia ameuliza kesho saa kumi na mbili na nusu nani atachota maji, na benchi je. Nimemwambia benchi naenda nalo, nalifunga nyuma ya baiskeli, Karema watu pia hukaa. Nimepaka mnyororo wa baiskeli mafuta, nimeshona tai iliyobaki, ni fupi lakini mbele ya watu nitasimama wima. Nitawaambia neno moja tu.

Na Ziwa Tanganyika, nimemuuliza Gaspar mara mbili, halina kufuli.