Landrova na Lango la Baba

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Njia ya kutoka lami hadi kwetu, hapa juu ya Othaya, si njia tena. Ni mawe yaliyokubaliana kukaa pamoja. Jana moja liligonga landrova yangu tumboni. Nimelala chini na tochi. Kishikio kimoja, yaani kile kipande cha chuma kwenye chasisi kinachoshika mkono wa gurudumu la nyuma, kimekunjwa kama sikio la mbwa.

Jumamosi ni ruracio ya binti yetu Lynn. Wazazi wa mchumba wake, Griffins, wanapanda kutoka Kutus kuja kuzungumza mahari, na gari lao halitaweza mawe haya. Lazima mtu akawachukue kwenye lami. Mke wangu Waithira ameamua kwamba atakayewaleta ndiye atakayesema kwa niaba ya familia, ili wasichanganywe na wenyeji wawili. Kaka yake Gikonyo, jirani yetu, ana pikapu mpya ya milango minne. Amejitolea. Hakuna aliyemwomba.

Mtu anayeanza kila sentensi na "kwa hiyo basi" hawezi kunisemea binti. Nimetangaza kwamba landrova itakuwa tayari, tena na mabamba ya chuma chini ya vishikio, jiwe lijue limekutana na nani. Waithira amenipa hadi Ijumaa jioni.

Lynn hakuingia kwenye mabishano hayo. Anataka kitu kimoja: wageni wafungiwe langoni na kina mama, waimbiwe, waimbe, mpaka wafunguliwe. Nimemwambia hilo ni jambo dogo.

Jumanne, 8 Aprili

Swali. Kwa nini watengenezaji wa magari huacha sehemu dhaifu kuliko zote ikiwa uchi? Nimelipeleka kwa wahariri wa magazeti miaka mingi. Kimya. Nchi isiyouliza maswali huendeshwa na majibu ya wengine.

Nimekodi mashine ya kuchomelea kutoka Nyeri mjini. Mwenye duka aliuliza fundi wangu ni nani. Nilimwambia anazungumza naye. Alinitazama, akaongeza miwani ya kuchomelea juu ya mashine bila kuombwa.

Mazoezi nyuma ya zizi. Bati la dukani ni jembamba mno, ukiligusa linatoboka. Lakini nimeona jambo la ajabu. Nilichomelea ukanda wa chuma upande mmoja, nikauacha upoe. Ukajikunja wenyewe, taratibu, kuelekea mahali nilipochomelea. Hakuna aliyeugusa. Nikafanya mwingine. Nao ukajikunja. Nikakaa juu ya debe nikiutazama hadi mvua ikanikuta. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hudai zaidi ya kilichotoa. Nimeandika nadharia hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa stoo.

Waithira alileta chai, akauliza kama gari limepona. Nikamweleza kwamba niko kwenye misingi ya sayansi. Akasema misingi ni mizuri, ila wageni watataka kukalia viti.

Jumatano, 9 Aprili

Macho. Yamejaa mchanga. Nilitaka kujua tu cheche ina rangi gani katikati, nikainua miwani kidogo. Ni nyeupe. Ndani ya weupe kuna buluu fulani. Ningetazama zaidi ningejua.

Nimelala kitandani na vipande vya viazi juu ya macho. Waithira anavibadilisha huku akinung'unika. "Baba Lynn, hizi viazi ni za wageni. Ukimaliza kuzivaa sijui nitapika nini."

Gikonyo alikuja kunipa pole. Nilimtambua kwa sauti. Alisimama juu yangu akasema: "Kwa hiyo basi, shemeji, pikapu iko. Nimeiosha hata." Nikamjibu kupitia viazi kwamba gari linalooshwa kila siku halijawahi kwenda popote. Akacheka. Ana kicheko cha mtu asiyesoma.

Faida ya upofu ni kufikiri. Bamba nene nitalipata wapi? Jibu limenijia saa kumi. Lango la marehemu baba. Sehemu ya chini ni chuma cha zamani, kizito, kisichotoboka. Na linafanya kazi gani? Linashinda wazi mchana kutwa. Ni mnara wa uvivu.

Alhamisi, 10 Aprili

Naona tena. Waithira na Lynn walikwenda Nyeri kununua nguo. Nikakata lango lote, pande zote mbili, kwa grainda. Nguzo zimebaki zimesimama vizuri kabisa, na ua wa kayaba huku na huku. Mandhari yamefunguka.

Nimelala chini ya landrova siku nzima. Bamba la kulia, bamba la kushoto. Ukingo wa nyuma nimeuchomelea mrefu na mnono. Ukingo wa mbele nikautia vidoti viwili ili ushike kwanza. Harufu ya raba ikatokea: bushi zilizo ndani ya vishikio, nadhani, zimeungua kidogo. Bolti zake sasa ziko nyuma ya mabamba, hakuna spana itakayozifikia milele. Kinga ni kinga.

Kabla sijarudi kwenye ukingo wa mbele, umeme ukapotea mlima mzima. Nikaviacha vyuma vipoe vyenyewe. Kazi nzuri. Nimezima tochi nikiwa mtu mwenye furaha.

Ijumaa, 11 Aprili

Nitaandika kwa utulivu.

Nilianza safari ya majaribio saa tatu. Mita chache za kwanza, heshima tupu. Kisha vidoti vya mbele vikakatika, paa, paa. Mabamba yakashuka midomo, kwa sababu ukingo wa nyuma ulipokuwa ukipoa usiku ulikuwa umeyavuta kama ule ukanda wangu. Nadharia yangu ni sahihi kabisa. Nimeithibitisha kwa gari langu mwenyewe.

Landrova ikalima. Ilichimba mitaro miwili mizuri kutoka mlangoni hadi kati ya nguzo za lango, ikakaa hapo, pua nje, mkia ndani. Haiendi mbele. Nikirudi nyuma kwa injini, magurudumu yanateleza na kuifukia zaidi. Kuyatoa mabamba kunataka kufungua bolti, na bolti ziko nyuma ya mabamba.

Lynn alitoka kuangalia. Akatazama nguzo moja, akatazama ya pili. "Baba, lango liko wapi?"

Nikamwonyesha, chini ya gari. Akarudi ndani taratibu, na nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa. Kumbe huo bado upo.

Waithira amempigia kaka yake simu mbele yangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Dada yangu Watiri, anayeongoza kina mama kuimba, alifika mapema. Akazunguka landrova mara moja. Akasema nimeharibu lango, basi nitakuwa lango. Wakaifunga leso nne, wakaning'iniza majani ya ndizi kwenye vioo. Mimi, na suti yangu, nikaamriwa kukaa kwenye usukani. Kazi yangu: akigonga boneti, niachie breki ya mkono. "Na mdomo ufunge, Mburu. Komeo haliongei."

Gikonyo akawaleta. Wakashuka. Kina mama nyuma yangu wakaimba kwamba humu hakuna njia. Wa Kutus wakajibu kwamba wametoka mbali na maua yanawanyaukia mkononi. Wakajibiwa wasubiri. Nilikuwa na hoja tatu za kuwajibu vizuri zaidi. Nikazimeza.

Watiri akagonga. Nikaachia breki. Vijana wa Kutus wakasukuma, landrova ikalima polepole kurudi ndani, matope yakiruka kwenye viatu vya kila mtu, na nyimbo hazikukatika. Kwenye kioo nilimwona Lynn mlangoni. Alikuwa anacheka hadi ameshika ukuta. Sijui kwa nini nilihitaji kitambaa.

Gikonyo alisema kwa niaba ya familia. Alisema vizuri. "Kwa hiyo basi" mara kumi na moja, nilihesabu.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nimeenda kanisani kwa miguu.

Waithira anataka lango jipya kabla ya Pasaka. Kikao cha ukoo, yaani yeye na Watiri, kimeniondolea mashine.

Lakini jana baada ya chakula Mzee Mwai, babake Griffins, aliinama chini ya landrova na kukaa huko muda mrefu. Ni mtu mwenye maswali. Akauliza chuma hiki nimekitoa wapi, mbona hakikutoboka. Kumbe naye ana landrova huko Kutus, na mawe yake. Akanionyesha picha kwenye simu, akaniuliza kama naweza kumsaidia tukienda kuwatembelea mwezi ujao.

Nikaitazama picha vizuri. Gari lake ni zima. Nyuma yake kuna lango pana, la chuma kizito, limefungwa.

Safari hii nitaanza na ukingo wa mbele.