Nta ya Mwani na Bango la Langoni

Jumatatu, 3 Machi
Embe nilizopaka nta yangu ya mwani bado ngumu. Zisizopakwa zimekuwa uji. Mimi ni mvumbuzi! Sasa natafuta hataza, haki ya uvumbuzi, kabla Dk. Magbanua wa maabara ya jirani hajaniibia. Jana kanichekea mara mbili. Ana lake jambo. Chuoni ipo ofisi ya hataza, lakini mkuu wake, dada Luzviminda, Manang kwa heshima, hunywa kahawa na Magbanua. Sikanyagi huko.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza shemeji Dodong, mjuzi wa kila kitu. Kasema nijitumie maelezo kwa posta, nisifungue bahasha, basi, hataza hiyo. Rahisi hivyo! Mke wangu kauliza Dodong kasomea wapi. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo la kifalme! Hapa mjini kwetu Iloilo mtoto akifaulu mtihani, bango la pongezi hutundikwa langoni. Nami nimetundika langu: sura yangu, embe, na chini yake vipimo vyote vya nta, asije mtu akadai ni yake. Magbanua kapita, kasoma, uso ukamshuka. Ushindi!

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe Magbanua alikuwa ananihurumia. Kaja mbio maabara: wee bwana, una wazimu, umejianika hadharani! Kaniburura hadi kwa Manang. Manang kashika kichwa. Kasema nikishatangaza, kitu si kipya tena. Nchi nyingi ndiyo basi. Bahasha ya Dodong nikafungie samaki mkavu. Miaka yangu sita! Nimelia, nakiri. Ndipo Manang kasema toto, futa machozi, sheria ya hapa kwetu humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipojitangaza. Tumeandika maombi mpaka jioni, Magbanua akatuletea pancit, tambi za kukaanga. Nimekula kwa haya. Haya kidogo.

Jumatano, 12 Machi
Maombi yamepokelewa! Na nimepata nta ya pili, bora kuliko ya kwanza. Hii bado siri, naweza kuiombea hataza hadi ng'ambo. Manang kaniapisha nifunge mdomo mpaka tuandikishe, asijue hata paka. Mke wangu mwenyewe sijamwambia. Najisikia mtu mpya.

Kesho nahojiwa redioni kuhusu nta ya kwanza. Mtangazaji kaomba nidokeze na jipya, kidogo tu. Nimekubali. Nitataja vipimo vya hii ya pili polepole, wakulima wapate kuandika.