Akamwani ya Mama Kokwijuka Iko Daraja Gani?

Jumatatu, 2 Juni 2025

Siku kubwa. Mama mkwe ameniamini. Naandika tena nisome vizuri: mama mkwe wangu, Kokwijuka, ameniamini mimi, Nolasco Rwezaura, mwenye steshenari hapa Ihanda. Miaka kumi na minne nimeisubiri siku hii.

Jambo lenyewe ni akamwani yake. (Nikifa na daftari hili likaangukia mikononi mwa mtu wa Dodoma, aelewe: akamwani ni kahawa ya kutafuna. Inachumwa mbichi, inachemshwa na majani ya kunukia, inaanikwa mpaka ikauke vizuri. Mgeni akiingia anapewa punje chache. Asiyepewa aage mapema.)

Dada mmoja wa Bukoba, Sperancia, mwenye duka la wasafiri, aliionja harusini. Anataka pakiti mia mbili kwa kuanzia, zenye jina la Kokwijuka. Sharti moja: jina liwe limeombewa usajili wa alama ya biashara, na namba ya ombi imfikie kabla Ijumaa ya tarehe 20 haijaisha. Isipomfikia atachukua kwa mtu mwingine, na wapo.

Mama hajui kompyuta. Mimi ninazo mbili, na moja inawaka. Akanikabidhi nakala ya kitambulisho chake na ada aliyoiweka miezi mitatu. Akasema jina hilo lilikuwa la bibi yake, na nikilipoteza nisikanyage kwake hata kwenye msiba. Mke wangu Joanitha akacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Jumanne, 3 Juni

Kumbe kuna madaraja! Bidhaa zote za dunia zimegawanywa katika madaraja arobaini na matano, bidhaa kwanza, huduma baadaye. Ukisajili jina unalindwa kwenye daraja ulilochagua tu. Kila daraja lina ombi lake na ada yake. Ada tuliyonayo ni ya daraja moja. Kwa hiyo hakuna kukosea.

Nimesoma mchana kutwa. Vifungo vina daraja. Kamba zina daraja. Ngoma na zeze vina daraja lao peke yao, kama wazee wa kanisa. Wateja wawili wa kudurufu vyeti waliondoka wakinung'unika. Elimu ina gharama.

Jioni akaja Melkiory, yule wa mashine ya kusaga kahawa ng'ambo ya barabara, ambaye vumbi lake linatua kwenye karatasi zangu kila siku ya Mungu. Eti anataka kusajili jina la unga wake wa kahawa, kwa hiyo kahawa iko daraja gani? Nikajua mara moja anamnyemelea Sperancia. Nikamwambia daraja la 34, pamoja na tumbaku na viberiti. Akashukuru. Akaandika kiganjani. Nimekula chakula cha usiku kwa hamu.

Alhamisi, 5 Juni

Uchambuzi unaendelea. Daraja la 30 nimeliona: kahawa, chai, kakao, sukari, unga. Mtu asiyefikiri angekimbilia hapo. Mimi nafikiri. Kahawa hiyo imekaa na chai na kakao, maana yake ni ya kunywa. Akamwani hainywewi.

Daraja la 31 ni mazao mabichi ya shamba. Ya Mama imechemshwa. Daraja la 29 lina matunda yaliyokaushwa, lakini pia nyama na samaki, na Mama hawezi kukubali jina la bibi yake lilale na samaki. Daraja la 5 ni dawa. Mama husema akamwani inafukuza usingizi, lakini tukienda huko tutaulizwa daktari wetu ni nani.

Fidele akaleta magunia mawili ya kahawa mbichi kutoka Songambele kwa pikipiki. Yeye ndiye anayemuuzia Mama, mkulima mpole, wazazi wake walitoka Burundi. Akaniuliza ninaumwa nini. Nikamweleza. Akasema yeye anaona ni kahawa tu, uinywe, uitafune, uimwage. Nikamfahamisha kwamba huu ni uainishaji wa kimataifa. Akaomba maji ya kunywa.

Ijumaa, 6 Juni

NIMEPATA.

Nilikuwa kwa Mama. Akaingia jirani kuazima jembe. Kabla hajasema shida yake Mama alikwishamtilia punje tano kiganjani. Jirani akatafuna, akakaa, akasahau jembe. Nikasimama palepale. Akamwani si chakula. Akamwani si kinywaji. Tangu lini mtu akala akamwani ashibe? Akamwani ni KUMPOKEA MGENI. Ni huduma!

Nikakimbia dukani. Daraja la 43: huduma za kuwapatia watu chakula na vinywaji, na malazi ya muda. Palepale penyewe. Nikajaza: "Kuwapokea wageni." Nikalipa. Nikatuma. Mfumo ukanipa namba bila ubishi wowote, na mfumo ungekuwa na shaka ungesema.

Namba nimemtumia Sperancia, kisha nimempigia Mama nikamsomea kwa sauti. Akasema asante, baba. Aliniita baba. Sikulala mchana kwa furaha, na mimi hulala mchana.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeliandikia kundi la simu la kwaya zetu za usharika, watu tisini, kwamba jina la Kokwijuka wa Ihanda sasa linatambulika kwa kuwapokea wageni. Wamepongeza wengi. Mwenyekiti wa kwaya ya Rugu akauliza kama wapokelewa wanaweza kuwa wengi. Nikajibu: bila kikomo. Kumbe mtu akiwa na alama ya biashara hata uandishi wake unabadilika.

Jumanne, 10 Juni

Melkiory alikuja akicheka. Anasema alisoma orodha mwenyewe na kahawa iko daraja la 30, iliyokaangwa na isiyokaangwa, na ya kutafuna ni humohumo. Ameshatuma ombi lake. Hakukasirika. Badala yake akaninunulia soda.

Mtu uliyemdanganya akikununulia soda, ujue ana jambo. Niliinywa kwa tahadhari.

Aliniuliza nilimwekea Mama daraja gani. Nikasema ni siri ya kiofisi.

Alhamisi, 12 Juni

Sperancia amepiga simu. Sauti ya upole, ile ya kumwambia mtu kwamba zipu iko wazi. Kasema namba ameiona, na inaonyesha Kokwijuka ni hoteli. Yeye haagizi hoteli. Anaagiza kahawa, daraja la 30, na mtu akiitoa kahawa yenye jina hilo kesho, namba yangu haitamzuia hata kidogo. Zimebaki siku nane.

Nilimweleza kuhusu yule jirani wa jembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: siku nane.

Nimejaribu kubadilisha daraja kwenye mfumo. Haiwezekani. Ni ombi jipya, na ada mpya. Nikapendekeza tuuze mashine ya kulaminisha. Joanitha akasema nikiigusa mashine hiyo ataniuza mimi, ila hajui mteja atampata wapi. Mama bado hajui chochote. Leo amenitumia ndizi mkungu mzima. Nilizila nikiwa na uchungu moyoni, lakini nilizila.

Jumamosi, 14 Juni

Kwaya ya Rugu imewasili. Watu kumi na mmoja, na kinanda. Wanakwenda tamasha, wamesikia kwa Mama Kokwijuka kuna malazi. Wameleta risala.

Sikuweza kuwakana. Nikawapeleka. Njiani nilitunga maelezo matatu na yote yalikuwa mabaya. Mama akatoka, akawaona, wala hakuuliza. Akaamkiwa shikamoo kumi na moja, akaitikia marahaba kumi na moja, akaingia ndani, akatoka na kikapu cha akamwani na kumpa kila mmoja punje zake. Kisha akanituma kuni. Joanitha akaja na sufuria la jirani. Tukamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Waliimba. Mama akaimba sauti ya pili, ambayo sikujua kama anayo.

Niliwaangalia wote wale wanatafuna na kucheka, nikasema moyoni: je, si huduma hii?

Jumatatu, 16 Juni

Yametimia. Wakati wa kuaga, mama mmoja wa kwaya alimshukuru Mama kwa gesti yake nzuri. Mama akauliza gesti gani. Akaelezwa kuhusu tangazo langu.

Leo akaniita. Akataka nimsomee karatasi ya ombi, neno kwa neno. Nikasoma. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Akauliza mara moja tu: kwa hiyo akamwani yangu haimo? Nikasema haimo. Akasema miezi mitatu alikuwa anaweka ile ada, na haijali ada, anajali kwamba alimwambia marehemu bibi yake kaburini kuwa jina liko salama. Kisha akachukua nakala ya kitambulisho chake mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa baiskeli ilikuwepo. Nimeona aibu. Leo sina cha kujitetea, na nimejaribu.

Alhamisi, 19 Juni

Asubuhi nimefungua duka, nainua macho, namwona Mama anapita amepanda pikipiki. Dereva: Melkiory! Kanga ya kanisani, amejishikilia kiunoni mwa adui. Hata kunipungia mkono hakunipungia.

Nikafunga duka nikawafuata kwa bodaboda mpaka Kayanga. Nikajibanza nje ya ofisi ya biashara, nyuma ya mama muuza parachichi, ambaye alinilazimisha kununua sita. Walikaa ndani saa nzima. Mama akatoka na karatasi ameishika kwa mikono miwili.

Akaniona. Nilikuwa na parachichi sita, sikuwa na pa kuzificha. Akasema ada amekopeshwa na Fidele, atamlipa kwa kukata kwenye magunia ya msimu huu. Ombi lake, jina lake, daraja la 30. Saini ametia mwenyewe. Melkiory alichofanya ni kuendesha tu, na kukataa hela ya mafuta. Namba Sperancia ameshaipata, na mzigo ameuthibitisha.

Nikamuuliza Melkiory kwa nini. Akasema mwaka ule alipohamia Ihanda hamjui mtu, nyumba ya kwanza alikopewa akamwani ilikuwa ya Mama. Parachichi mbili nilimpa.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada Mama akaja nyumbani, akakaa, akala. Akasema hasira zake zimekwisha, kwa sababu kwaya ya Rugu imeagiza pakiti ishirini na hao mimi ndiye niliyewaleta. Mkwe ni huyu aliyempata, hakuna pa kumrudisha. Joanitha akatikisa kichwa kukubali, upesi mno.

Kisha, Mungu ni mwema, akanipa kazi. Nichape lebo mia mbili. Ameniandikia maneno kwa mkono wake: "Akamwani ya Kokwijuka. Kahawa ya kutafuna." Nisiongeze hata nukta. Amenipa na fedha za karatasi nzuri, ile ngumu ya kung'aa. Sperancia anatuma gari kesho kutwa asubuhi. Mama akanishika bega wakati wa kuondoka. Nimelia kidogo, chooni.

Pia ameniagiza niliondoe lile ombi la daraja la 43. Nimekuja dukani kuliondoa. Nimefungua mfumo, orodha hii hapa mbele yangu, madaraja yote arobaini na matano, na nimegundua jambo ambalo linanitetemesha: Karagwe na Kyerwa nzima hakuna mtu mwenye uzoefu wa madaraja kama mimi. Melkiory amefanya ombi moja, akabahatisha. Mimi nimeyachambua yote. Watu wanahitaji mtaalamu. "Nolasco Bingwa wa Madaraja." Jina likikaa wazi mpaka kesho, Melkiory atalichukua.

Swali ni daraja. Mtu asiyefikiri angekimbilia la 45, kwenye huduma za sheria. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni kuandika, na ninaandika kwa mikono yangu hii miwili, bila msaidizi. Nimesoma tena taratibu. Daraja la 8: zana za mkono.

Fedha za karatasi ya lebo zimetosha ada bila kupungua. Nimetuma.