Mashine Yenu ya Kadi Imeoa Kwangu Bila Ng'ombe

Mgahawa wa Soko Huria,
Karibu na Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.
Agosti, 1998

Ndugu Meneja wa Benki,

YAH: MASHINE YENU YA KADI KUISHI NA MASHINE YANGU YA RISITI PASIPO NDOA

Najua siku hizi wakubwa mnapenda kuitwa Waheshimiwa. Lakini mimi nilifanya kazi kiwandani Nyakato enzi za Ndugu, na hata siku waliponipunguza kazi waliniita Ndugu, kwa hiyo naomba unipokee hivyo hivyo. Habari za kazi? Habari za nyumbani? Za kwangu si nzuri, na sababu ni mtoto wenu.

Utakumbuka kwamba baada ya Pasaka ulimtuma kwetu afisa wako, Bwana Venant, kijana nadhifu mwenye viatu visivyoijua Kirumba ya masika. Alikuja na mashine ya kadi. Mimi tayari nilikuwa na mashine ya risiti, ile yenye droo ya pesa, niliyoinunua Dar es Salaam kwa kiinua mgongo changu. Ni mtumba, sikatai, lakini ni mtumba wa Ujerumani. Bwana Venant akaziunganisha kwa waya, akasema mteja akilipa kwa kadi, ile ya risiti itajua yenyewe na kuandika yenyewe. Nilipouliza itajuaje na hakuna aliyeiambia, alijibu mbele ya wateja wote: "Mzee Shimba, kuanzia leo hawa ni mume na mke. Kinachoingia kwa mume, mke anakijua papo hapo."

Mimi ni Msukuma, Ndugu Meneja. Neno kama hilo halisemwi kwangu likapita hivi hivi. Nikatoka barazani kuwatangazia majirani, na niliporudi Bwana Venant alikuwa ameshakula sambusa zangu na kuondoka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mshenga amekimbia. Tangu siku ile Bwana Venant hajarudi hata kuuliza bibi harusi ameamkaje. Kwetu mshenga ndiye anayeitwa mambo yakiharibika. Nimekuja benki kumwulizia, dada wa dirishani akaniambia yuko semina. Nimekuja tena, bado yuko semina. Sijui ni semina gani hiyo isiyomalizika, labda anafundishwa kuwaunganisha wengine.

2. Bwana harusi hana msimamo. Kila mteja akitaka kulipa, hata kikombe kimoja cha chai ya rangi, mume huyu hawezi kuamua lolote mpaka ampigie simu baba yake, yaani wewe. Na simu yenyewe si yake, tunaazima laini ya jirani yangu Mama Odeta wa duka la dawa, ambaye sasa akituona na waya anafunga dirisha. Mwanamume gani huyo, anaomba ruhusa nyumbani kwao kwa ajili ya andazi?

3. Wamenuniana. Siku za mwanzo walielewana vizuri mno. Mume akipiga kelele yake ndogo, mke anatoa karatasi, droo inafunguka, wateja wanapiga makofi. Ndipo nikaona mke yule anastahili heshima, nikamhamisha kutoka kwenye sanduku la soda nikamweka juu ya kiti cha mlangoni. Kesho yake akaacha kusema na mwenzake. Mume akipiga kelele, mke kimya. Nimefuta vumbi, nimebembeleza, nimegonga kidogo ubavuni. Kimya.

Aliyeumia zaidi ni Bwana Ojuok wa kiwanda cha samaki. Ndiye mtu pekee Kirumba nzima mwenye kadi, aliipata alipopelekwa masomoni Ulaya. Alikunywa chai asubuhi, akatoa kadi. Mume akasema amelipa, mke hakusema kitu. Ojuok ni mwaminifu kupita kiasi, akakataa kuondoka mpaka mke naye akubali. Akasubiri. Kusubiri kukamletea njaa, akaagiza ugali na sato. Akatoa kadi tena. Mume amelipwa, mke hajui. Jioni alikuwa bado amekaa pale, amekula kila kilichoandikwa ubaoni, na kazini wamemwandikia barua ya onyo.

4. Hakuna mahari. Nilipoona hali imekuwa mbaya niliitisha usuluhishi. Tulizikalisha mashine zote mbili uso kwa uso, tukakaa sisi pembeni pamoja na katekista na Mzee Luhaga, ambaye ameshasuluhisha ndoa nyingi za huku na nyingine zikapona. Mzee Luhaga aliziangalia sana, kisha akauliza swali moja tu, wametoka ng'ombe wangapi. Nikasema hakuna hata ndama. Akachukua kofia yake, akasema basi hapa hakuna ndoa, kuna watu wawili waliofungwa waya.

Kwa hiyo nadai ng'ombe, Ndugu Meneja. Mashine yangu imetoka Ujerumani na ina droo, siwezi kuitaja kwa bei ya mbuzi. Nasikia mna mfumo wa mikopo nafuu, basi jikopesheni. Na mkikosa mahali pa kuwaweka kwa muda, nyuma ya benki yenu nimeona majani mazuri yanayokatwa bure kila Jumamosi.

5. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini niandike, hayo mengine ningeyavumilia. Mke wangu Selestina ameondoka.

Kile kiti cha mlangoni kilikuwa chake. Tangu tufungue mgahawa alikuwa akikaa hapo na kopo la maziwa ya unga lenye chenji, na hakuna aliyepita bila kulipa, kwa kuwa alimjua kila mtu kwa sura na kwa mama yake. Nilipoweka mashine pale alisimama akaiangalia, akaniambia taratibu: "Mimi ulinioa kwa ng'ombe, Shimba. Hii imeolewa bure, na ndiyo imekalia kiti changu." Mimi, kwa akili zangu, nikamweleza kwamba mashine ni ya umeme na haipaswi kukaa karibu na jiko. Wiki hiyo hiyo alifunga mzigo, akaenda Kigongo, akavuka na kivuko hadi Busisi kwa mama yake.

Sasa wateja wanakula na kuondoka. Chai naipika mimi, na wanainywa kwa adabu tu. Usiku napanga vikombe viwili, nakumbuka, narudisha kimoja. Nimemkosa, Ndugu Meneja. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo kiofisi.

Kwa mila, mke akirudi kwao, wazee wa upande uliokosea ndio wanaokwenda kumwombea radhi. Aliyekosea ni mtoto wenu, na baba yake ni wewe. Kwa hiyo nakuomba uvuke mwenyewe kwenda Busisi, umevaa tai, pamoja na mhasibu wako na mtu mmoja mwenye mvi. Ukifika usikae mpaka uambiwe. Mwamkie mama mkwe wangu shikamoo hata kama umemzidi umri. Ukiulizwa mashine ina faida gani usijibu kitaalamu, inamisha kichwa tu. Bebeni na sukari.

Ukishindwa haya, njoo umchukue mwanao na waya wake. Kiti nitakipangusa mimi.

Nifikishie salamu kwa dada wa dirishani, mlinzi wako wa mlangoni ambaye huwa ananisachi kwa upole, na yeyote aliyebaki ofisini ambaye hajapelekwa semina.

Ni mimi niliyetahayari lakini bado ni mteja wenu,
Obedi Shimba

N.B. Ndugu Meneja, anayeandika hapa ni Selestina, mke wa huyu aliyeandika huko juu. Nimefika na kivuko cha mchana, nikaikuta barua mezani, yeye ameenda Posta kununua stempu. Ataibandika bila kuisoma tena, namjua. Busisi msiende. Mama anafuga mbwa.

Mashine zenu hazina ugomvi wowote. Ile ya risiti ina ufunguo mdogo pembeni, usipogeuzwa asubuhi haipokei neno kutoka kwa ile ya kadi. Bwana Venant alinionyesha mimi wakati mume wangu yuko barazani anatangaza harusi. Nilikuwa naugeuza kila siku kabla hajaamka. Aliponinyang'anya kiti nikaacha, na nilipoondoka nikaufunga kwenye pindo la khanga nikavuka nao, nione atatafuta nini kwanza. Leo nimeurudisha mahali pake, na Ojuok amelipa akaondoka. Tunaomba tu karatasi za risiti, zimebaki kidogo.

Barua hii nimeisoma yote, nikitafuta ufunguo. Hajautaja popote, aliyenitaja kuwa amenikosa ni mimi. Ng'ombe msilete.