Nafasi ya Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Farasi amefika. Mweupe, mzee kidogo, alikuwa akivuta gari la maharusi kwenye klabu iliyofungwa, ndiyo maana anaitwa Bwana Harusi. Mwenye klabu anagawa wanyama wake bure, ila aliniuliza kwanza kwa simu kama nina nafasi. Nikacheka. Nafasi! Fundi saa mstaafu, nimefiwa na mke, nyumba nzima ni mimi na saa za ukutani. Nikamwambia nafasi ninayo mpaka inanichosha. Akaridhika.

Mpango ni huu. Binti yangu haji kuniona. Kila nikimpigia, hana nafasi. Lakini mjukuu wangu, mchumba wangu yule, anaota farasi usiku na mchana. Mtoto atalia, mama atachoka, watakuja. Kichwa bado kinafanya kazi!

Ua unatosha. Nimeondoa kamba ya nguo na ndoo. Akigeuka mkia unagonga mlango wa jiko, lakini anageuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia binti. Nikamwambia nina farasi. Akauliza kama nimekula. Akasema Jumapili atajitahidi, akipata nafasi.

Shemeji amepita. Kaka wa marehemu mke wangu, mwenye uwanda wa majani ng'ambo ya barabara na ng'ombe wawili wanene kama yeye. Akachungulia ukutani akauliza kama nimenunua farasi au kabati, maana hasogei. Akajitolea kumchukua akalishe kwake. Eti! Ili mtoto akacheze kwake? Nikamwambia aende zake na kitambi chake.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Harusi hana raha. Ametafuna mlango wa jiko. Anayumba kushoto, kulia, kushoto, kama pendulamu ya saa ya ukutani. Miguu imevimba.

Nimemwita daktari wa mifugo, mama mmoja asiyecheka. Akasema farasi huyu hana nafasi. Nikamwambia kwa heshima kwamba nafasi ninayo, nakaa naye kutwa. Akanitazama. Akafafanua kwamba ni nafasi ya ardhi! Farasi mmoja anataka kama ekari mbili za majani, azunguke akila kidogo kidogo siku nzima. Asipotembea, miguu inavimba na tumbo linakwama. Ua huu, alisema, ungemtosha kuku asiye na watoto.

Tena farasi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake, upweke unamkondesha. Nikauliza dalili. Akazitaja: kusimama dirishani kutwa, kuacha chakula, kushtuka kila mlango ukilia.

Nikaenda kufunga dirisha.

Ijumaa, 7 Machi

Anataka kutembea? Atatembea! Asubuhi nimemtoa mtaani. Kumbe kila gari likipiga honi anadhani msafara wa harusi umeanza. Anainua shingo, anatembea kwa madaha. Watu wakatoka na vigelegele. Mshona nguo akanipa hongera, akauliza bibi harusi yuko wapi. Mbele ya ukumbi wa sherehe akasimama, akagoma kuondoka, na mimi nikasimama naye kama mjomba wa bibi harusi.

Suala la kundi nimelimaliza mwenyewe. Nimetoa kioo kirefu cha kabati la marehemu, nikakiegemeza ukutani uani. Bwana Harusi akajiona. Akatulia. Nikaenda nikasimama karibu naye. Tukawa wanne. Tangu mazishi nyumba haijajaa hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Nimemkuta amelala chini. Hagusi majani. Anageuza shingo kuangalia ubavu wake, anaguna. Daktari akaja mbio, akamdunga sindano, akamwinua. Akasema waziwazi kwamba akibaki humu nitafute watu wa kuchimba shimo.

Nikampigia shemeji mimi mwenyewe. Alikuja na hakutania hata neno moja. Hilo limeniuma zaidi.

Jioni nilimwona Bwana Harusi kule uwandani kwa shemeji. Alisimama muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa akala, hatua, akala, hatua, mpaka akawafikia ng'ombe. Hakugeuka kuniangalia. Nililia. Nikamwambia shemeji ni vumbi.

Jumapili, 9 Machi

Binti amekuja! Na mchumba wangu! Mtoto akakimbilia kwa shemeji na farasi, nikabaki na mama yake. Akaangalia mlango uliotafunwa. Akaangalia sufuria ya wali wa juzi. Akauliza kioo cha mama kinafanya nini nje. Nikasema ni cha kutupa kampani. Akalia. Sijui kwa nini, kioo chenyewe hakijavunjika.

Halafu akaanza hadithi ndefu ya chumba chao cha nyuma. Wametoa masanduku. Wamepaka rangi. Kina dirisha linalotazama mahali mtoto anapochezea, na ukuta wa kutosha saa zote. Namsikiliza tu, mtu akija mara moja kwa mwaka huwezi kumkatiza na habari zake za rangi. Mwishoni akanishika mkono. Akasema, Baba, kwetu nafasi ipo.

Nafasi ipo! Masikio yangu yamesikia! Aliyekuwa hana nafasi sasa anayo. Maana yake atakuja kila wiki! Nikamwambia nimefurahi mno. Akafuta machozi, akauliza nitakuwa tayari lini. Nikasema Jumapili ijayo. Akasema atakuja na lori. La nini, sijui. Labda kubebea majani.

Sasa mtoto akija kila wiki lazima akute kitu hapa kwangu, si kwa shemeji. Walipoondoka tu nimempigia mwenye klabu. Amebakiwa na ngamia. Anasema ni mvumilivu, hana makuu. Ila akauliza kwanza kama nina nafasi.

Nikacheka.