Eneo Rasmi la Salamu

Umma unajulishwa kwa fahari kubwa kwamba maktaba ya Dongobesh sasa inajieleza. Kazi hiyo nzito ilibebwa na Modest, Ofisa Mabango wa Mradi wa Maktaba Zinazojieleza, kijana asiyekuwa na mchezo kazini. Bango lake la kwanza lilisema MAKTABA. La pili, lenye mshale, lilielekeza kwenye la kwanza. Tangu hapo hakuna tena aliyepotea njia ya kulifikia bango.

Lakini Modest alikuwa na lake moyoni. Mkurugenzi wa mradi, Bwana Julius, alimwahidi cheo cha mkoa, na angekitangaza mwenyewe kwenye hotuba ya uzinduzi. Modest alikitaka cheo hicho mpaka usingizi ukampaa. Lilibaki bango moja la kufunga kazi.

Utafiti wake ulibaini kikwazo kikuu cha usomaji: salamu. Mzee akiingia, wasomaji wote wanasimama. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua ya kule Tumati. Kabla hawajakaa, anaingia mama mwingine. Modest akatundika bango jekundu: NI MARUFUKU KUTOA SAUTI HUMU, SALAMU IKIWEMO, BILA KUJALI CHEO.

"Sasa baba mkwe wangu akiingia, nimtazame tu kama mbuzi?" akauliza Eva, mkutubi.

"Utamtazama kwa heshima," akajibu Modest. "Kwa mujibu wa mwongozo."

Matokeo yalikuja haraka. Kijana akichungulia na kuona mzee ndani, anageuza, asije akaonekana hana adabu. Mzee akiona vijana, naye anarudi kwake kulinda heshima. Ukimya ukafikia asilimia mia. Modest, ambaye si mtu wa kushindwa, akasimika nje bango la kijani: ENEO RASMI LA SALAMU. Watu wakajaa hapo. Wakasalimiana, wakabaki, wakamtuma Eva awatolee vitabu, wakasomea kwenye nyasi. Modest alitoa taarifa kwamba maktaba imepanuka.

Siku ya uzinduzi wananchi walipangwa ndani vizuri. Mkurugenzi akalizindua bango jekundu mbele ya kamera, akalisifu kwa tabasamu, maana hata yeye alishalisoma. Kisha akachomoa hotuba mfukoni.

"Ndugu wananchi, hamjambo?"

Kimya. Mama Fransiska wa Tlawi, aliyekuwa mstari wa mbele, akainua kidole kuelekea kwenye bango. Mstari mzima ukainua vidole. Mkurugenzi akamtazama Modest. Modest alitamani kusema neno moja tu, lakini kamera ilikuwa inamwangalia yeye. Naye akainua kidole.

Mkurugenzi akatoka nje na hotuba yake. Huko, kwenye benchi chini ya bango la kijani, alikuwa ameketi Mzee Akonaay, mtu wa makamo ya baba yake, pamoja na wazee wenzake. Mkurugenzi alikuwa mtoto wa Mbulu hii hii, aliyelelewa kuamkia wazee, na cheo hakikumwokoa.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Ng'ombe wanapata majani?"

"Wanapata. Sasa mzee, nilikuwa na hotuba fupi..."

"Hapa ni pa salamu, mwanangu. Tunaheshimu bango lenu." Akamsogeza kwa mzee wa pili, ambaye naye alitaka kujua kama mama hajambo.

Wazee walikuwa wengi. Mkurugenzi hajafika hata katikati, dereva akapiga honi: Katesh walikuwa wanamsubiri kwa uzinduzi mwingine. Akairudisha hotuba mfukoni, cheo cha Modest kikiwa humo humo, ukurasa wa mwisho. Gari likaondoka.

Modest akabaki barabarani. Ilimuuma, na hakuweza kuficha. Alipogeuka, wazee wote walikuwa wakimtazama, wanasubiri. Tangu aje Dongobesh na mwongozo wake, hajawahi kumwamkia hata mmoja wao.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba," wakaitikia. Mzee Akonaay akasogea kidogo kwenye benchi. "Kaa hapa, mwanangu. Kwanza tuambie, wewe ni wa nani?"